Uwanja wa Ndege wa Mama Kahiga

Wamucii alikuwa na maneno ya Kiswahili yapatayo mia moja, na nusu yake alifundishwa na mnyapara aliyekuwa akimtukana. Kwa hiyo alipohamia Salama, mwaka ule wa ukame wa sabini na nne, hakuwa msemaji. Mwanawe Kahiga alikuwa na kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara ya Mombasa, na mkewe Kahiga, Wariara, alikuwa na hoteli ya chai na mandazi papo hapo, mlango kwa mlango. Hao wawili walipiga gumzo na kila dereva na kila jirani kutwa nzima. Mama mtu alikaa nyuma ya nyumba akisikiliza malori yakipanda kilima.

Msimwonee huruma mapema. Alikuwa mama mwenye miguu mizuri na kichwa kigumu, na kilichomsumbua si upweke. Alikuwa na miaka sabini na ushee, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kulala juu ya ardhi ambayo mtu hangeweza kumwambia aondoke. Ujana wake aliumalizia na uzee akauanzia kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja upande wa Ruiru, ambako mfanyakazi aliruhusiwa kupanda maharagwe lakini si mti, maana mti una mizizi na mizizi huleta mazoea. Mumewe alizikwa pembeni mwa shamba hilo. Mzungu alipouza akaenda zake, aliyenunua alipanda kahawa mpaka juu ya kaburi. Wamucii alirudi mara moja kupatafuta mahali penyewe. Alipita kati ya mistari ya miche kwenda na kurudi, akashindwa kupajua.

Jambo hilo hakulisema sana, lakini Kahiga alilijua. Ndilo lililomfanya amwendee Mzee Mutiso, mwenye shamba walilokodi, kumwomba amkatie robo ekari iwe yao kabisa. Mutiso aliitikia. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi wazee wangekuja, mpaka upimwe, karatasi iandikwe. Siku Wamucii alipoambiwa hivyo aliingia chumbani, akafunga mlango, akamshukuru Mungu kwa sauti ambayo hata wateja wa chai waliisikia.

Kisha akatoka kutengeneza nyumbani kwake.

Kitu cha kwanza alichotaka nyumbani hapo kilikuwa ndege. Wengine wangeanza na ua, wengine na choo, lakini yeye alianza na ndege, na alikuwa na sababu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akibeba maji kila asubuhi kuyajaza kwenye beseni la mawe la bibi wa yule mzungu, ili ndege waje waoge na bibi awatazame akinywa chai. Ndege wale walikuwa na mahali pao pa kudumu pale shambani na yeye hakuwa na pake, lakini hakuwachukia kwa hilo. Kosa halikuwa lao. Aliwapenda, akawajua, akajifunza yote wanayotaka. Walitaka maji ya kina kifupi, na uwanja mweupe kando yake asijifiche paka, na kichaka cha miiba karibu pa kukimbilia. Na walitaka mtu asiyebadilisha mambo kila siku.

Kahiga alimpa tairi kuukuu la lori, akalikata katikati kama watu wa huko wanavyotengeneza vihori vya mifugo. Wamucii akayazika yale mapande mawili mpaka shingoni, akatia mawe bapa ndani yake ili hata ndege mdogo apate pa kusimama, akajaza maji yaliyooshewa vikombe hotelini. Akang'oa nyasi zote kuzunguka hapo, hatua kama kumi na tano hivi kwa urefu, akafagia. Jioni macho yake hayakuona vizuri na mara mbili alijikwaa, kwa hiyo akapanga mawe kandokando, mistari miwili, akayapaka chokaa iliyobaki ukutani mwa hoteli. Mwewe alipoanza kupitapita, akasimamisha mti mrefu na kuning'iniza juu yake gunia jeupe la unga lipeperuke limtishe. Mtu yeyote aliyewahi kuona mahali ndege za serikali zinapotua huko mashambani ameshaelewa hadithi hii inaelekea wapi. Wamucii hakuwahi kuona.

Kalondu ndiye aliyewahi kuona. Huyo, aliyeitwa pia Mama Mutunga, alikuwa mkewe Mzee Mutiso, mama mwenye kifua kipana na moyo mpana zaidi, na siku ile alikuwa amekuja na bakuli la ndengu kumkaribisha jirani ambaye karibu angekuwa mwenye shamba. Alipopita pembe ya nyumba alisimama. Mwaka uliopita alikuwa amemtembelea dada yake upande wa Tulia, na huko alioneshwa mahali ndege ya madaktari inaposhuka. Palikuwa na uwanja uliofyekwa, mawe meupe mistari miwili, na gunia jeupe juu ya mti. Dada yake alimwambia pia kwamba mwenye shamba lile alihamishiwa ng'ambo ya mto.

Hapa lazima niseme jambo moja. Katika Kikamba, kile cha chuma kinachonguruma angani huitwa ndeke. Mtu wa Makueni kama Kalondu, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, akisikia "ndege", kitu cha kwanza kumjia kichwani kina mabawa ya bati.

"Mama Kahiga," Kalondu akasema, "hii unatengeneza ni nini?"

"Ni ya ndege," Wamucii akajibu, amefurahi kuulizwa. "Ndege itashuka hapa."

"Ndege moja?"

"Mingi. Saa hii ni kidogo tu. Ikizoea, itakuja mingi sana."

Kalondu akatazama zile tairi. "Na hiyo maji?"

"Ni yake. Ndege inakunywa maji sana. Jua ikiwa kali inafungua mdomo, hivi." Wamucii akapanua kinywa chake kumwonesha.

Kalondu hakuona ajabu. Malori yaliyosimama kwa Kahiga nayo yalifunguliwa midomo kila siku, yakanyweshwa maji.

"Inatoka wapi?"

"Ingine ni ya hapa hapa. Ingine inatoka Ulaya. Wakati ya baridi kule, inakimbia inakuja huku." Jambo hili aliambiwa na yule bibi wa mzungu, na lilikuwa kweli tupu.

"Na Kahiga anajua?"

"Ndiye amenipa tairi."

Tairi ndilo lililomaliza kesi. Kalondu akaweka bakuli chini, akasema ana haraka. Wamucii hakutaka mgeni aondoke bila neno jema, akatafuta katika yale maneno yake mia, akapata. "Usijali, Mama Mutunga," akasema. "Hata kwenu itafika."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na maskini Wamucii hakujua hata kwamba amejikwaa.

Mutiso hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa mzee wa kanisa, mpole, mwenye kupenda kusikiliza pande mbili. Lakini jambo la shamba hufanya hata mpole awe na sikio moja. Jioni ile alikuja mpaka kwenye ua na rafiki yake Kivuva, aliyekuwa askari Burma wakati wa vita na aliyejua mambo ya ndege. Walitazama bila kubisha hodi. Kivuva alisema uwanja ni mfupi mno, ndege haiwezi kushuka hapo. Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba hata kule Burma viwanja vilianza vifupi.

Siku ya pili Mutiso akamkuta Kahiga amepiga magoti juu ya gurudumu.

"Ile maneno ya shamba," akasema, "tuiache."

"Kwa nini, Mzee?"

"Wewe unajua."

Hakuna jibu baya kama hilo. Mtu akikuambia sababu unaweza kubishana naye, lakini akikuambia unajua, unabaki ukijichunguza mpaka unapata makosa usiyoyatenda. Kahiga alijichunguza siku tatu. Majirani walioketi kwa Wariara kutwa nzima na kikombe kimoja sasa walikunywa wamesimama. Kanisani Jumapili Kalondu alipita mbali. Mwishoni Kahiga akaona amepata jibu, jibu ambalo wageni wote hulipata haraka: ni kwa sababu wao si watu wa huku. Akamwambia mama yake saa za mchana, bila kumtazama, kwamba watatafuta mahali pengine, pengine Emali, pengine mbele zaidi.

Wamucii alikwenda akaketi karibu na maji yake. Aliogopa, na tuliseme hilo wazi. Hakuogopa kufa. Aliogopa kufa sasa, kabla ya kupata mahali, na kuwekwa tena pembeni mwa shamba la mtu ambaye angeweza kuuza. Aliiona ile mistari ya kahawa kama vile iko mbele yake hapo Salama.

Halafu akaliona bakuli la Kalondu, limeoshwa, limefunikwa, liko dirishani tangu siku ile. Kalondu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzungumza naye vizuri. Bakuli la jirani halirudi tupu, hata mkiwa mmekosana, kwa hiyo akalijaza mandazi, akajifunga kitambaa, akashika njia.

Alimkuta Kalondu anapepeta. Wakasalimiana kwa upole, maana adabu haikatizwi na ugomvi. Wamucii akaweka bakuli chini.

"Mama Mutunga. Nimekukosea nini?"

Kalondu akaacha kupepeta. "Wewe unataka kutuletea ndege."

"Ndiyo. Ni mbaya?"

"Itakula shamba yetu yote."

Kumbe ndilo hilo, Wamucii akawaza, na moyo ukamrudi mahali pake. Ni mtama. Watu wa huku hukesha juu ya vichanja wakati wa mavuno wakifukuza ndege kwa mawe na kelele, na yeye mjinga anawaalika. "Haiwezi kula yote," akasema. "Hiyo yangu ni ndogo ndogo. Tena mimi naipea chakula kwangu, ndio isikule ya kwenu."

"Unapea ndege chakula?"

"Kila asubuhi. Naipea pumba na ganda ya ndizi."

Kalondu akaweka ungo chini. Hasira aliyokuwa ameiweka wiki nzima ilianza kulegea, mahali pake pakaja kitu kingine. Kumbe mama wa watu kichwa kimeruka. Anakaa pale nyuma peke yake, hana wa kuongea naye, anangoja ndege ya kutoka Ulaya ije ailishe maganda ya ndizi. Na sisi tumemnunia. Kalondu akajifuta mikono kwenye leso, akamshika mkono.

"Twende, mama," akasema. "Nikupeleke nyumbani."

Walitembea hivyo wameshikana, mmoja akidhani anamrudisha mgonjwa, mwenzake akidhani amesamehewa. Ilikuwa saa tisa, jua limekaza kabisa, kisima cha jirani kimekauka, na kutoka hapo mpaka mtoni hapakuwa na tone. Walipopinda nyuma ya nyumba Wamucii akamvuta Kalondu nguo asimame.

Kwenzi walikuwa wamefika. Walijaa kwenye tairi la kwanza, migongo ya buluu inayong'aa na vifua vya rangi ya matofali, wakisukumana, wakirusha maji mpaka kwenye mawe meupe. Tairi la pili lilikuwa la hua, wanyamavu, wameinamisha vichwa. Hondohondo mmoja alikuwa juu ya ua anangoja zamu na mdomo wake mkubwa wazi. Kwenye shubiri iliyochanua kando ya ukuta, chozi wawili wadogo walipita kutoka ua hadi ua, na kanga walitoka kwenye vichaka mmoja nyuma ya mwingine, wakakimbia kuelekea kwenye pumba.

"Ndio hiyo ndege," Wamucii akanong'ona.

Kalondu akainua uso akatazama angani. "Wapi?"

"Hapa."

Kalondu akatazama upande wa Emali, akatazama upande wa Machakos. Hakuona wala kusikia kitu.

"Hapa chini," Wamucii akasema, na hapo Kiswahili chake kikamwishia. Maneno mia yote yalikuwa yametumika. Akanyooshea kwenzi kidole na kusema kwa Kikuyu, lugha ya mama yake, kwa kukata tamaa tu: "Nyoni."

Kalondu akageuka taratibu. "Nyunyi?"

"Nyoni."

"Nyunyi," Kalondu akasema tena, na sasa alikuwa anawatazama wale kwenzi. "Hii ndio ndege? Ni nyunyi?"

Kikuyu na Kikamba ni lugha za ndugu, na nyoni na nyunyi ni ndege yule yule wa manyoya. Laiti wale mama wawili wangezungumza kila mmoja lugha ya kwao tangu mwanzo, wangeelewana kwa nusu ya neno. Lakini kila mmoja alikuwa na adabu. Kila mmoja aliona ni heshima kuiacha lugha yake nyumbani na kukutana na mwenzake katika Kiswahili, ambacho hakikuwa cha huyu wala cha yule, na humo ndimo walimopotezana.

Kalondu alikaa juu ya jiwe moja jeupe, chokaa ikamshika nguo, akacheka mpaka kanga wakakimbia. Alipopata pumzi alisimama, akanyoosha mikono miwili kama mabawa, akanguruma, akakimbia kati ya ile mistari ya mawe, akaonesha gunia juu ya mti, akaonesha kwa mkono watu wakifukuzwa na vitanda vyao vichwani. Wamucii aliangalia yote. Alielewa. Akaanza kucheka naye, halafu katikati ya kicheko akanyamaza na machozi yakamtoka, maana ndipo alipouona ukubwa wa kitu kilichokuwa kinaponyoka mkononi mwake kwa ajili ya neno moja. Kalondu akamkumbatia. Wakabaki hivyo, na ndege wakarudi kwenye maji.

Mutiso aliitwa akaja, na Kivuva nyuma yake. Kalondu aliwaeleza kwa Kikamba, bila huruma, na Wariara alikuja mbio kutoka hotelini akamaliza palipobaki. Kahiga alisimama na jeki mkononi, hajui acheke au akasirike. Kivuva aliwatazama wale kanga wakila pumba, akatikisa kichwa.

"Afadhali ingekuwa ile ya chuma," akasema. "Hiyo haikuli mtama."

Lakini Mutiso hakucheka. Alivua kofia. Mzee wa kanisa kuomba msamaha mbele ya mkewe na mpangaji wake si jambo rahisi, na naomba mlipime kwa uzito huo.

"Kuuliza sio ujinga," akasema. "Mimi nafundisha watu hiyo kila siku. Na hii sikuuliza. Nilimwambia Kahiga anajua, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Mama, unisamehe."

Wamucii hakuelewa kila neno, lakini kofia aliielewa. Katika miaka yake yote ni yeye aliyekuwa akiwavulia wengine kitambaa.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi wazee walikuja. Mpaka ulipimwa kwa kamba, mkonge ukapandwa pembe nne, na Kivuva akataka kila mtu ajue kwamba uwanja wa ndege umeingia ndani wote. Musembi, karani wa kanisa, aliketi na karatasi juu ya goti akauliza aandike jina la nani. Kahiga akasema aandike Wamucii. Mama yake alidhani amesikia vibaya, Kiswahili kimemcheza tena, mpaka Wariara alipomshika kidole gumba na kukiweka kwenye wino. Alikitazama kidole hicho muda mrefu. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Mutiso, akamshukuru Kalondu, akamshukuru mwanawe na mke wa mwanawe, na alipokwisha akaanza tena na Mungu, mpaka Wariara akasema chai inapoa.

Walikuwa wanakunywa hiyo chai hapo nyuma, wameketi kwa mviringo, wakati beberu mkubwa wa Mutiso alipopenya kati ya mikonge. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye tairi la kwanza, akazamisha mdomo, na kwenzi wote wakaruka wakaenda kukaa kwenye miiba wakilalamika.

Wamucii aliinuka. Kwa mazoea ya miaka sabini aligeuka kumtafuta mtu wa kuambiwa, mnyapara au bwana au mwenyewe, yeyote mwenye haki ya kumfukuza mnyama wa mtu. Hakuna aliyenyanyuka. Wazee wote walikuwa wameshika vikombe, wanamtazama yeye.

"Toka," akamwambia beberu, kwa sauti ndogo.

Beberu akaendelea kunywa.

Wamucii akavuta pumzi. "Toka kwa shamba yangu," akasema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka madereva waliokuwa hotelini wakageuza shingo. Hakujua kwamba maneno hayo yalikuwemo katika mia zake. Aliyasema tena ili ayasikie vizuri.

Beberu akainua kichwa, ndevu zinadondosha maji, akamtazama Mutiso.

Mutiso akaweka kikombe chini. "Usiniangalie mimi," akamwambia. "Umesikia mwenye shamba."